Tuta Kwanza, Treni Baadaye



Leo nataka kuwasimulia habari ya meza. Ni meza ya mbao za msindano, urefu wake futi nane na upana futi nne, nayo imesimama katika chumba cha uani nyumbani kwetu hapa Morogoro. Juu yake imelazwa reli ndogo, na juu ya reli hiyo hupita treni ya umeme ambayo kila behewa lake si refu kuliko kiganja changu. Wageni wakiiona hucheka, kisha huinama kutazama, kisha huomba iwashwe tena. Lakini kabla sijasema habari ya meza hiyo, sina budi kuwaambia neno nililolisema kwenye meza nyingine, ile ya chakula.

Neno lililosemwa mezani

Mume wangu ni mtu wa reli. Hakuwa dereva wala mkata tiketi. Alikuwa fundi wa njia, yaani mmoja wa wale wanaotembea juu ya mataruma kwa miguu, jua na mvua, wakikaza, wakinyoosha na kushindilia kokoto ili wengine wapite salama wamelala. Mwaka 2010, mafuriko ya mto Mkondoa yalipoharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuirudisha. Alirudi nyumbani amekonda, lakini uso wake ulikuwa uking'aa.

Mwaka 2021 mkandarasi aliyekuwa amemwajiri alipunguza watu, naye akawa mmoja wao. Alirudi na begi lake la vifaa, akalisukuma chini ya kitanda. Miezi ya kwanza nilimpa pole na kumtia moyo. Miezi iliyofuata nilinyamaza. Kisha nikaanza kuhesabu: ada nalipa mimi, mchele nanunua mimi, sabuni mimi. Mwanamke akishaanza kuhesabu hivyo, moyo wake umekwisha kuwa daftari la madeni.

Jioni moja nilirudi kutoka zamu nikakuta nyumba ina giza. Umeme ulikuwa umekwisha na hakuna aliyenunua. Niliwasha mshumaa, nikapakua chakula, nikasema huku nimeshika mwiko: "Nyumba hii ina mwanamume mmoja tu, na ndiye huyu anayeamka kwenda zamu."

Mume wangu hakujibu. Alinawa mikono, akatoka nje. Mwanetu wa kiume, aliyekuwa na miaka 14, alibaki ameinamia sahani yake. Na Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, dada zangu, nilisimama kanisani mbele ya wachumba waliokuwa wakijiandaa kwa ndoa, nikawafundisha jinsi mwanamke mwenye hekima anavyoijenga nyumba yake.

Shikamoo iliyokauka

Mume wangu akawa mtu wa kibarazani na redio yake. Hakufoka wala hakulewa. Alinyamaza tu. Hilo ningeweza kulizoea. Lililonishtua ni mtoto.

Zamani akirudi shuleni alimwendea baba yake alipo, akamwamkia, akangoja "marahaba" ndipo aende kubadili nguo. Sasa shikamoo yake alikuwa akiirusha kutoka mlangoni huku anapita, kama mtu anayetupa maji machafu. Siku moja nilimsikia baba yake akimtuma maji ya kunywa, naye akajibu bila kuinuka, "Nasoma." Nilifungua kinywa nimkemee, nikakifunga. Ningemkemea kwa lipi? Dharau ile hakuiokota mitaani. Aliipokea nyumbani, kutoka kwa mama yake.

Boksi kutoka Ujerumani

Mdogo wangu anafanya kazi ya uuguzi Ujerumani. Kule watu wazima, hata wazee wenye mvi, hujenga reli ndogo majumbani mwao kwa burudani, na vifaa vilivyotumika huuzwa kwa bei nafuu sokoni. Alinunua boksi moja, akamtumia mpwa wake kupitia kwa ndugu aliyekuwa akija likizo. Ndani mlikuwa na injini, mabehewa matatu ya mizigo, vipande vya reli na transfoma. Ni ukubwa unaoitwa HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87.

Kijana alichukua mlango wa zamani, akaulaza juu ya viti viwili, akaunganisha reli, akapigilia misumari. Treni ikaenda, ikafika kwenye kiungo, ikaanguka. Akapigilia zaidi, ikaanguka tena. Mlango ulikuwa umebonyea katikati na viti vilikuwa na vimo tofauti, tena kelele zake zilikuwa kama ngoma, maana reli ililala juu ya ubao mtupu. Siku ya tatu alikuwa karibu kulia. Ndipo tukasikia sauti mlangoni.

"Reli umeweka. Tuta liko wapi?"

Alikuwa mume wangu. Kijana hakujibu, lakini hakuondoka. Baba yake akainama, akaweka jicho usawa wa reli kama alivyozoea kufanya kazini, akaitazama kwa muda mrefu. "Treni haiangushwi na reli," alisema. "Huangushwa na kilicho chini ya reli." Kisha akaenda chumbani, nami nikasikia begi likiburutwa kutoka chini ya kitanda.

Miguu na fremu

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ilichukua miezi minne, na katika miezi hiyo mitatu ya kwanza treni haikutembea hata hatua moja. Kijana alitaka waweke reli mara moja. Mimi pia, nasema kweli, nilinung'unika nilipoombwa fedha za mbao. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mume wangu alisema jambo bila kuomba radhi kwa kulisema: "Tuta kwanza, treni baadaye."

Walinunua mbao za msindano za inchi moja kwa nne kwa ajili ya fremu, na za mbili kwa mbili kwa ajili ya miguu sita. Muuzaji alisema ni kavu. Walipounda fremu ya kwanza na kuiacha, baada ya wiki mbili ilikuwa imejipinda, kona moja imeinuka kama sikio la mbuzi. Kijana alikasirika. Baba yake akafungua skrubu moja moja bila haraka, akapanga mbao kivulini, kati ya moja na nyingine akaweka vipande vidogo ili hewa ipite, juu yake akaweka matofali. "Mbao mbichi huitii fremu siku ya kwanza tu," alisema. Zilikaa mwezi mzima. Ndiyo sababu walitumia skrubu na si misumari: kilichofungwa kwa skrubu hufunguliwa na kurekebishwa bila kuvunjwa.

Fremu ya pili ilikaa. Ilikuwa na mbao za kukingama kila baada ya sentimeta 40, ili plaiwudi ya milimeta 12 isilegee katikati. Kati ya mguu na mguu walitia mbao za mshazari, maana meza bila mshazari huyumba kama kitanda cha wodini kilicholegea magurudumu. Chini ya kila mguu walizamisha bolti, ili ukiizungusha mguu upande au ushuke kidogo. Sakafu zetu hazikunyooka, na pima maji haidanganyi.

Kwenye kimo walinishirikisha. Wao walitaka meza ya chini. Niliwaambia kwamba kitanda cha mgonjwa kikiwa chini mno muuguzi huumia mgongo, na kikisukumwa ukutani hawezi kumhudumia upande wa pili. Basi meza ikawa na kimo cha sentimeta 95, ikasimama katikati ya chumba. Kwa upana wa futi nne, ukisimama upande wowote mkono hufika katikati. Treni ikianguka mahali mkono haufiki, hiyo si burudani tena.

Hesabu za kijana

Wakati mbao zikikauka, walichora. Hapo ndipo mwanetu, ambaye walimu walilalamika kuwa hapendi hesabu, alipoanza kuzipenda. Alipima nafasi kati ya reli na reli akapata milimeta 16.5. Akazidisha kwa 87, akapata 1,435.5.

"Baba, hii ni SGR!"

"Naam," baba yake akasema, "ile ni milimeta 1,435. Reli niliyoifanyia kazi mimi ni ya mita moja. Iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914." Akamweleza kwamba mita moja ikipunguzwa mara 87 hubaki milimeta 11 na nusu, hivyo reli yake ya zamani ingekuwa nyembamba zaidi ya hii. Nilikuwa nakunja nguo pembeni. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka mingi, na sikuwahi kumwuliza mume wangu hata mara moja reli ina upana gani.

Kijana alitaka daraja, treni ipite juu ya njia yake yenyewe. Baba yake akampa kalamu. Ili behewa lipite chini, njia ya juu yapaswa kuinuka kama sentimeta nane. Mwinuko mzuri ni sentimeta mbili kwa kila mita, la sivyo injini itateleza. Basi ni mita nne za kupanda na nne nyingine za kushuka, na duara lao lote lilikuwa na mita tano na kidogo. Haiwezekani. Kijana akasonya. Baba yake akafikiri, akasema, "Kama treni haiwezi kupanda, ardhi ishuke." Wakakata plaiwudi upande mmoja wa meza, wakabakiza ukanda mwembamba tu chini ya reli, ukashikwa na vinguzo vifupi vilivyosimama juu ya mbao za fremu. Chini yake wakatengeneza bonde na mto. Hivyo daraja likapatikana, wala njia haikuinuka hata milimeta moja. Wakauita mto ule Mkondoa.

Tuta

Dada zangu, wengi tunapoona reli kubwa tunaona vyuma viwili tu. Mume wangu alinifundisha kwamba uzito wa treni hupita kwenye reli, ukaenda kwenye mataruma, ukatawanywa na kokoto, ukapokelewa na tuta. Kokoto pia hupitisha maji yasituame, kwa kuwa adui mkubwa wa tuta ni maji yaliyokaa kimya chini yake. Treni haipiti siku moja ikalivunja tuta. Maji hulila polepole, na juu kila kitu huonekana kizima.

Kwenye reli ndogo wenzetu wa Ulaya hutumia magome laini yale yanayotengenezewa vizibo vya chupa, yaliyokatwa vipande virefu. Hapa hayapatikani. Kijana ndiye aliyegundua kwamba zile karatasi za sponji ngumu wanazotumia mafundi wa kandambili sokoni zafaa kabisa. Walikata mikanda ya milimeta tano unene na kama sentimeta mbili upana. Walichora mstari wa katikati kwa penseli, na penye kona wakatumia msumari na uzi wa sentimeta 36. Kisha wakabandika mikanda miwili, mmoja huku na mmoja huku wa mstari. Ukiweka mkanda mmoja mpana hautakubali kupinda, lakini miwili myembamba huifuata kona bila kukunjamana. Kingo za nje walizikata mshazari kama tuta la kweli. Walihakikisha kiungo cha sponji hakiangukii mahali pa kiungo cha reli, ili udhaifu wa juu usikutane na udhaifu wa chini. Juu yake walirundika vitabu vyangu vya chuo cha uuguzi mpaka gundi ikauke. Tangu nihitimu havikuwahi kufanya kazi nzuri kama hiyo.

Kokoto walizitoa kwenye mchanga wa mto, wakazichekecha kwa chujio langu la chai, ambalo sikulidai tena. Wakapitisha sumaku juu ya mchanga ule, nayo ikatoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma, ambazo zingeingia ndani ya injini na kuiharibu. Sumaku ilitoka kwenye spika ya redio ya mume wangu. Redio ilikuwa imeharibika mwezi mzima, naye hakuwa ameona.

Kazi ya kugandisha kokoto ilikuwa yangu. Wanamwaga mchanga kati ya mataruma, wanausawazisha kwa brashi, wanaunyunyizia maji yenye tone la sabuni ili ulowe. Kisha mimi nadondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tone kwa tone, kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano. Mkono uliozoea kupima dawa za watoto wachanga haukuyumba. "Fundi," mume wangu aliniambia, akiwa nyuma yangu. Hakuwa ameniita jina lolote la utani kwa muda mrefu.

Chini ya meza

Umeme haupiti vizuri kwenye viungo, kwa hiyo nyaya hupelekwa kwenye reli mahali kadhaa kutokea chini. Jumapili moja mchana kijana alitumwa dukani kununua skrubu. Mume wangu alilala chali chini ya meza akifunga nyaya, nami nikalala kando yake nimeshika tochi. Vumbi la mbao lilituangukia usoni. Sijui kwa nini niliweza kule chini nilichoshindwa juu. Labda kwa sababu hatukuwa tukitazamana.

Nikasema, "Baba watoto, lile neno nililolisema siku umeme ulipokwisha. Nilikukosea. Naomba unisamehe."

Aliendelea kuzungusha bisibisi. Nikafikiri hakusikia. Kisha akasema polepole, "Hukuniambia mimi peke yangu."

Nikanyamaza.

"Inua tochi, mama watoto. Sioni."

Nilielewa. Kidonda kilikuwa na midomo miwili, nami nilikuwa nimefunga bandeji kwenye mmoja. Jioni ile, chakula kilipokwisha kupakuliwa, nilimwomba mwanangu aweke kijiko chini. Nikamwambia mbele ya baba yake: neno lile nilisema kwa hasira, lilikuwa dhambi, nimemwomba baba yako msamaha, na wewe pia nakuomba.

Nilidhani atainamisha kichwa yaishe. Akanitazama. "Lakini Mama, si ulisema kweli? Wewe ndiye uliyekuwa unaleta hela."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamjibu, "Hela nilileta mimi, hilo ni kweli. Lakini nilisema kwamba asiyeleta hela si mwanamume, na huo ni uongo. Baba yako hakuacha kuwa baba siku alipoacha kulipwa. Ni mimi niliyeacha kumheshimu."

Hakuna aliyesema neno. Tulisikia honi ya treni ya mizigo ikiingia mjini. Ndipo mume wangu akasema, kwa sauti yake ya kawaida, "Mwanangu, niletee maji ya kunywa."

Kijana akainuka. Akaleta glasi kwa mikono miwili, akasimama mpaka baba yake alipoipokea. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Kwa dada anayetaka kujaribu

Treni ilizunguka kwa mara ya kwanza mwisho wa mwezi wa nne. Haikuanguka, wala haikupiga kelele, maana sponji humeza mtikisiko. Kama mumeo au mwanao angependa kazi hii, nawashauri hivi. Anzeni na meza ndogo, hata ya nusu plaiwudi. Kausheni mbao. Tumieni skrubu. Hakikisheni mkono unafika kila mahali. Transfoma hushusha umeme wa nyumbani wa volti 230 hadi volti 12 hivi ambazo injini hutumia, kwa hiyo msiruhusu kabisa mtoto aunganishe reli moja kwa moja na soketi ya ukutani. Na pasipo fedha za treni, mtoto aweza kujenga tuta na kupitisha gari la mabati juu yake. Faida kubwa haimo ndani ya injini.

Msidhani mambo yote yamenyooka. Mume wangu hajapata ajira ya kudumu. Hupata vibarua, na siku hizi hutengeneza meza na madawati kwa watu walioiona ile meza ya uani. Zipo siku mwezi hauishi vizuri na ulimi wangu huniwasha. Siku hizo huenda uani, nikachungulia chini ya meza, nikaangalia zile skrubu.

Bwana Yesu alisimulia habari za watu wawili waliojenga nyumba, kama tusomavyo katika Mathayo sura ya 7. Mvua ilizipiga zote mbili sawasawa. Nimefundisha somo hilo mara nyingi kanisani, na siku zote nilijihesabu kwa yule wa mwambani. Sasa nalifundisha kwa sauti ya chini kidogo.

Dada yangu, kama lipo neno ulilolisema mbele ya watoto, usingoje likauke lenyewe. Maji yaliyo chini ya tuta hayakauki, hula. Mwombe mwenzio radhi, kisha uombe tena mbele ya wale waliosikia. Mungu atusaidie sote.